Mstari Ambao Haukuiva

3 Juni

Kwako Dada,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nikikuambia usicheke kwa sauti, maana najua Mama yuko hapo hapo anambembeleza mtoto wako na atauliza unacheka nini.

Sijui kompyuta.

Sista wa kliniki ya macho alipokuja shuleni kutafuta mwanafunzi wa kumsaidia likizo hii, aliuliza, "Nani hapa anaijua kompyuta vizuri?" Darasa zima likanigeukia mimi. Nadhani ni kwa sababu sisemi, na mtu asiyesema watu humdhania mengi. Unanijua. Kusema hapana kulitaka nisimame, nifungue mdomo, na sauti itoke. Kuitikia kwa kichwa kulitaka kichwa tu. Nikaitikia.

Basi niko huku wiki ya pili sasa. Chumba kina meza moja, kabati la chuma ambalo mlango wake umefungwa kwa bandeji, na ule ubao wa herufi zinazopungua mpaka zinakuwa kama wadudu. Kazi yangu ni kuingiza madaftari matatu kwenye kompyuta: jina la mgonjwa, namba ya simu, siku aliyopimwa, siku anayotakiwa kurudi. Wote ni wa presha ya macho. Sista alinieleza siku ya kwanza, huku anapanga chupa za matone: "Ugonjwa huu hauumi, ndiyo ubaya wake. Unaanza kula pembeni, kidogo kidogo. Mtu anaona mbele vizuri, anasema mimi mzima. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Lakini akija kwa wakati, tukapima, tukampa matone, tunauzuia palepale ulipofika."

Shida ni wasiorudi. Kuwajua, Sista inabidi asome mistari mia sita kila asubuhi. "Nikimaliza kusoma," anasema, "wa leo wameshaota mizizi kwenye benchi." Sasa anataka kompyuta yenyewe imwonyeshe waliopitiliza. Akaniuliza, "Inawezekana, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa tena! Halafu nikaenda chooni nikasimama tu.

Ndipo nikakukumbuka. Ulisema huko maktaba yenu vitabu vilivyochelewa kurudishwa vinajipaka rangi nyekundu. Nifundishe, lakini kwa barua. Usipige simu. Simu ya nyumbani ni moja, na Baba bado anaiweka spika ili nyumba nzima ifaidi.

Dada, nimekudanganya. Hilo la kompyuta siyo jambo lenyewe. Nilikuwa najipasha moto.

Jambo lenyewe liko daftari la pili, mstari wa mwisho wa ukurasa. Jina la Baba na namba yetu ya simu. Presha ya macho, yote mawili. Arudi tarehe 14 Novemba. Nimefunua kurasa zote zilizofuata, na daftari la tatu lote. Hakurudi. Huu ni mwezi wa saba.

Unakumbuka tulivyokuwa tunamcheka anavyotembea kwenye ukumbi huku mkono unaparuza ukuta? Tulisema ni madaha ya fundi cherehani, anakagua plasta kama anakagua kitambaa. Na anavyogombana na vigoda? Jana alipiga kikombe kwa kiwiko, kikaanguka, akasema, "Nani amekisogeza?" Hakuna aliyekisogeza. Tuko wawili tu nyumba nzima tangu Mama aje kwako.

Sista aliniapisha: yanayosomwa humu yanabaki humu. Nimeshavunja kiapo. Nimeandika nikiwa nimekaa kwenye meza ya Baba ya kukatia, na sasa nasikia ule mkono ukutani. Anakuja. Naificha chini ya kitambaa cha mteja.

Mdogo wako,
Kimya


10 Juni

Kimya wangu,

Nimeisoma barua yako bafuni, bomba likiwa wazi. Mama alibisha mara mbili akiuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo. Kwa hiyo leo nimekunywa uji mchungu kwa ajili yako, kaa ukijua.

Kuhusu Baba, sina la kusema zaidi ya hili: mwambie. Mimi niko mbali, mtoto ana wiki tano, na Mama akisikia atapanda gari kesho asubuhi na kanga mabegani. Wewe ndiye uliye naye. Najua ninachokuomba ni kizito kwako kuliko kumwomba mwingine abebe mlango. Lakini mwambie.

Sasa rangi. Fuata polepole.

Chagua safu ya tarehe za kurudi peke yake, kuanzia mgonjwa wa kwanza, usiguse kichwa cha safu. Pale juu kwenye menyu ya kwanza utaona kitufe chenye vijisanduku vya rangi. Ndipo unapoiambia kompyuta ipake rangi kwa masharti, yaani sharti likitimia ipake, lisipotimia iache. Tengeneza kanuni mpya, ile inayokupa nafasi ya kuandika fomula. Andika alama ya sawa, kisha kisanduku cha tarehe ya kwanza, kisha alama ya ndogo kuliko, kisha neno la leo kwa ile lugha ya darasani, na mwisho mabano mawili, la kufungua na la kufunga. Ndani ya mabano usiweke kitu. Yaache wazi. Kisha chagua nyekundu.

Maana yake ni hii: kama siku ya kurudi ni ndogo kuliko leo, imeshapita, ipake. Sisi maktaba tunasema kitabu kimeiva. Mgonjwa akija, ukiandika tarehe yake mpya, wekundu unaondoka wenyewe. Huhitaji kufuta.

Geuza karatasi, kuna mawili ya kuangalia.

Dada yako

(nyuma ya karatasi)

La kwanza. Kisanduku kitupu kwake ni sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko siku zote, kwa hiyo vitupu navyo vitaiva. Ongeza sharti kwamba kisanduku kisiwe kitupu.

La pili. Tarehe iandikwe kwa mikwaju, vile vistari vilivyoinama, kama kompyuta yenu ilivyozoea. Ukiandika kwa nukta itadhani ni neno tu. Utaitambua: tarehe ya kweli inakaa upande wa kulia wa kisanduku, neno linakaa kushoto. Hiyo ya kushoto haiivi kamwe, hata ikipita miaka kumi.


17 Juni

Dada,

Sikugeuza karatasi.

Nilifuata yote ya mbele, nikabonyeza, na skrini ikalipuka. Nyekundu kutoka juu mpaka chini, ikapita mgonjwa wa mwisho, ikaendelea kwenye mistari isiyo na mtu, nikashuka, nikashuka, bado nyekundu. Sista akaja mbio na chupa ya matone mkononi. "Toba! Hata wagonjwa ambao hawajazaliwa wamechelewa?" Nikatamani kuingia kwenye kabati, kama si ile bandeji. Jioni nikageuza karatasi, na asubuhi nikaongeza sharti la visanduku vitupu.

Basi nikuambie kilichotokea. Ule wekundu wa uongo ulitoka wote kwa pamoja, kama maji yanavyonyonywa na mchanga, na wakabaki waliopitiliza kweli. Mmoja hapa, wanne wamefuatana pale, halafu weupe mrefu, halafu mmoja. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinyoosha kidole akagusa skrini, juu ya mtu, akasema jina lake taratibu. Akashuka kwa mwingine, akasema jina lake. Madaftari yale ameyaandika kwa mkono wake miaka tisa, na bado ilikuwa kama anawaona kwa mara ya kwanza. Walikuwa mia moja arobaini na watatu.

Siyo hilo lililonitoa jasho lakini. Ilikuwa asubuhi iliyofuata. Niliwasha, begi likiwa bado mgongoni, nikahesabu: mia moja arobaini na sita. Nikahesabu tena. Watatu wameongezeka! Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo anao Sista, na hakuna mkono uliogusa kitu. Sisi tumelala, siku imegeuka, na watu watatu siku yao imepita, na ile karatasi ya mwanga imejua. Nikayafikiria yale mabano uliyoniambia niyaache wazi. Kumbe ndimo siku inamoingia. Kila siku, yenyewe, bila kubisha hodi. Nilivua begi polepole, na sijui kwa nini, nikavua na kofia.

Darasani tunasoma hisabati kwa lugha ile nyingine, na siku zote nilidhani fomula ni mambo ya mtihani. Sikujua inaweza kumwita mtu kwa jina.

Sista ameanza kuwapigia wekundu. Wa kwanza kufika alikuwa mzee fundi saa, yule mwenye kibanda kidogo kama kabati. Ameingia analalamika: "Aibu gani hii! Mimi wa kutengeneza saa za watu, siku yangu mwenyewe imenipita miezi miwili!" Presha ilikuwa imepanda. Sista akasema angechelewa mwezi mwingine angekuwa anafungua saa kwa kupapasa. Akapewa matone mapya, na mimi nikaandika tarehe yake ijayo mbele yake. Nilipobonyeza, wekundu ukatoka. Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Fanya tena," akasema. Nikarudisha ya zamani, ikaiva. Nikaweka mpya, ikawa nyeupe. Akanyoosha mgongo, akasema, "Miaka arobaini naishika saa, sijawahi kuona siku ikitii namna hii." Akaondoka bila kofia yake, ikabidi nimkimbilie.

Kuhusu Baba nikuambie tu hivi: mstari wake ni mweupe.

Mdogo wako,
Kimya


24 Juni

Kimya wangu,

Mweupe! Nimepiga yowe, mtoto akaamka, Mama akatoka jikoni na mwiko. Sikuweza tena kuvumilia, nikamwambia kila kitu, maana si siri tena, ni habari njema. Amekaa chini sakafuni. Kwanza akalia, kisha akacheka, kisha akakasirika, yote kabla chai haijapoa. Anasema niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie huyo mzee nitamshughulikia nikirudi. Kunificha mimi! Miaka yote nimelala upande wake wa kushoto, sikuona kitu!" Halafu akaniambia pembeni kwamba kwa kuwa Baba sasa anatibiwa, atakaa hapa mpaka mtoto aanze kukaa mwenyewe. Hiyo ni miezi mingine minne. Nilimkumbatia.

Alirudi kliniki lini? Alikwenda mwenyewe au ulimwambia? Kama ulimwambia kwa mdomo wako, nataka kujua ulisimama wapi na ulianzaje. Nina fahari na wewe, sijui hata niiweke wapi.

Ile habari ya watatu walioongezeka nimewasomea wenzangu wa maktaba. Tumetumia rangi hiyo miaka miwili, hakuna aliyewahi kuvua kofia. Sasa kila asubuhi mmoja anauliza, "Leo wameiva wangapi?" na tunahesabu kwanza ndipo tunafungua.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Usimsomee Mama kwanza. Soma peke yako, bomba likiwa wazi.

Baba hakurudi. Mstari wake ulikuwa mweupe kwa sababu niliuficha mimi.

Ile jioni niliyogeuza karatasi yako, nilisoma la pili kabla ya la kwanza. Asubuhi, kabla sijaiwasha kanuni upya, nilikwenda mstari wake nikafuta mikwaju miwili, nikaweka nukta mbili. Tarehe ikateleza kutoka kulia ikaenda kushoto, kama mtoto anayejibanza nyuma ya mlango. Nikabonyeza. Wote waliopitiliza wakaiva, yeye hakuiva. Mambo yote yale niliyokuandikia, Sista kugusa skrini, hesabu ya asubuhi, nilikuwa nayatazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwake.

Nikuambie kwa nini. Nilimsikia Sista anavyopiga simu. Anapaza sauti: "Hallo, hapa kliniki ya macho, umepitiliza siku yako!" Nikaiona kichwani simu yetu pale juu ya meza ya kukatia, iko spika, wateja wawili wamekaa kwenye benchi na vitambaa mapajani. Nani atamwachia kitambaa fundi anayetafutwa na kliniki ya macho? Na angejua mara moja kwamba nimesoma, nimejua, nimekaa naye mezani siku zote nikimpitishia chumvi. Niliona namlinda. Sasa sijui nilikuwa namlinda nani.

Alhamisi alikuwa anakata bitana ya gauni la mwalimu mkuu. Mkono wa gauni, ulioshonwa ukaisha, ulikuwa umelala kushoto kwake. Mikasi ilikwenda na bitana, ikapinda kidogo, ikaingia kwenye ule mkono. Niliiona. Nilikuwa hatua moja. Mdomo wangu ulifunguka, Dada, nakuapia, na hakikutoka kitu. Alipoinua kitambaa, mkono ukaanguka vipande viwili. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale pale. Baba akacheka. "Mikasi ya leo ina kiherehere, mama. Nitakushonea mwingine mzuri kuliko huu." Mwalimu akacheka pia, lakini alipoondoka aliondoka na kitambaa chake kilichobaki.

Mimi nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya pazia la kupimia nguo. Baba alidhani yuko peke yake. Akakaa kwenye kiti chake, akatazama mbele, akainua mkono wa kushoto mpaka nyuma ya sikio, kidole kimoja kinachezacheza, akauleta mbele taratibu. Nakijua kipimo hicho. Sista hukifanya kwa kila mgonjwa: unaangalia mbele, unasema pale unapoanza kukiona kidole. Wengi husema kikifika usawa wa sikio. Kidole cha Baba kilipita sikio, kikapita shavu, kikaendelea kuja. Kilikaribia pua ndipo akasema, peke yake, kwa sauti ndogo, "Hapo." Kisha akachukua chaki yake, akachora kistari ukutani kando ya cherehani, usawa wa pale kidole kilipofikia.

Alipotoka nikaenda kutazama. Kuna vistari vingi, Dada. Vimepangana vizuri kama mshono wake, kila kimoja kimesogea mbele kidogo kuliko kilichotangulia. Nilivihesabu mpaka ishirini, nikaacha. Miezi saba amekuwa akijipima. Alikuwa na karatasi yake mwenyewe, na anaijua tarehe kuliko kompyuta yoyote. Niliweka kiganja changu pale ukutani. Ulikuwa wa baridi, na chaki ikanishika mkononi.

Ijumaa nikaondoa nukta, nikarudisha mikwaju. Tarehe ikarudi kulia na ikaiva papo hapo, kama ilikuwa imebana pumzi. Sikuondoka kwenye kiti. Sista alikuja na simu yake kuwapigia, akashuka kwenye orodha, akasimama pale. "Huyu jana hakuwepo hapa," akasema. Akasogeza miwani. "Na namba hii naijua. Iko kwenye fomu yako."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulimficha nisimpigie."

Nikaitikia tena. Nikangoja anifukuze. Akavuta kigoda akakaa, magoti yake yakagusana na yangu. "Mwanangu, mashine yako inaniambia nani amechelewa. Haiwezi kuniambia nani amefichwa. Hilo ni lako." Kisha akaniuliza, "Nimpigie mimi, au utamwambia wewe?"

Nikasema, "Nitamwambia." Kwa mdomo.

"Kumbe una sauti!" akasema, na akaandika kwenye karatasi nafasi ya kwanza ya Jumatatu, saa mbili asubuhi. "Jumatatu saa nne akiwa bado mwekundu napiga, iwe spika, isiwe spika."

Leo ni Jumapili. Asubuhi nilianza. "Baba." Akasema, "Naam, Bi Kimya?" Nikasema, "...Sukari." Akanisogezea. Mchana nikaanza tena, "Baba," akasema, "Sukari au chumvi?" tukacheka wote, na ikapotea.

Kwa hiyo nimefanya ninachokiweza. Utashangaa barua hii ilivyo nene. Nimeiandika kwa ile kalamu kubwa ya kuandikia maboksi, herufi kama vidole, mistari sita kila ukurasa, kwenye karatasi yake ya kukatia mitindo. Ni yako, Dada, nitaituma kesho tukitoka kliniki. Lakini kuna mtu ataisoma kabla yako. Bado anaona mbele. Nimeiweka katikati ya meza, na vigoda vyote nimevisogeza.

Saa kumi sasa. Jua limeingia mpaka kwenye cherehani na vile vistari vya chaki vinaonekana vyote, hata vya chini kabisa ambavyo sikuvihesabu. Nimevitazama muda mrefu. Sijawahi kuona kitu kilichoandikwa kwa uangalifu kama kile, na huu woga wangu, kumbe nimeurithi kwa mtu fulani.

Nasikia mkono ukutani. Hapa ndipo ninapokunja karatasi siku zote.

Mkono uko kwenye kona. Sasa uko kwenye mlango wa jikoni, pale unapoinuka kidogo halafu unarudi. Kitambaa cha mteja kiko karibu yangu, kinatosha kabisa kuificha barua. Sikigusi. Nimegeuza karatasi imwelekee anayeingia, na mistari ya mwisho naiandika juu chini, ndiyo maana imepinda.

Baba, kama umefika hapa, niko mbele yako, nimesimama. Usikasirike bado. Kesho saa mbili. Nitatembea upande wako wa kushoto.